Sina kura, lakini miguu ninayo: nilivyogombea ubunge wa jimbo Maine

Mwaka 2022, nilipogombea mara ya kwanza kiti cha Baraza la Wawakilishi la jimbo la Maine, Marekani, niliamini nina watu. Kwa miaka mingi nimekuwa mtu wa kupigiwa simu usiku: mama kapewa barua ya kutolewa nyumba, mzee yuko hospitali hana mkalimani. Kiangazi cha 2019, jiji la Portland lilipowalaza mamia ya waomba hifadhi katika ukumbi wa michezo wa Expo, wengi wao kutoka Kongo na Angola, kila jioni nilikuwa pale nikitafsiri. Nikiingia kanisani watu husimama kunisalimia. Moyoni nikasema, kwa watu hawa nitafika Augusta, makao makuu ya jimbo, linakokaa bunge.

Lakini watu hawa hawana kura. Muomba hifadhi hapigi kura, na hata mwenye kibali cha kuishi daima hapigi mpaka awe raia. Sheria hiyo nilikuwa nikiwaeleza wenzangu kila wiki, lakini sikuwahi kukaa na daftari nikahesabu ni wangapi kati ya wanaonipenda wataingia kituoni.

Hesabu ilinifikia kwa njia ya dola tano. Maine kuna mfuko wa umma wa kampeni, ulioanzishwa kwa kura ya wananchi mwaka 1996. Mgombea wa Baraza akileta michango 60 ya dola 5, kila mmoja kutoka kwa mpiga kura aliyejiandikisha ndani ya eneo lake, mfuko unamgharimia. Nilikusanya 74 nikafurahi. Karani wa mji alipopitia majina, yalibaki 41. Wengine walikuwa raia ambao hawajajiandikisha, wengine wamehama, na wengine wanaishi ng'ambo ya barabara, eneo la mgombea mwingine. Niliendesha kampeni kwa mshahara wangu, na kwenye mchujo wa chama mwezi Juni nikawa wa mwisho kati ya watatu.

Novemba hiyo hiyo Deqa Dhalac wa South Portland na Mana Abdi wa Lewiston walishinda, wakawa miongoni mwa Wasomali wa kwanza kuingia bunge la jimbo letu. Nililia kwa furaha sebuleni. Mke wangu akaniuliza, "Baba, sasa utafanya nini?"

Nilichofanya ni kuanza Januari 2024, kwenye theluji, nikiwa na orodha ya wapiga kura mkononi. Sikumwomba mtu dola tano kabla sijaona jina lake na anwani yake humo. Jioni nne kwa wiki nilibisha hodi, na Jumamosi mchana kutwa. Mwanzoni nilikuwa nikifika mlangoni naanza na habari ya vita na safari yangu. Watu wananisikiliza kwa heshima, wanafunga mlango. Nikabadilisha: nataja jina, nasema naishi mtaa gani, nauliza ni kitu gani kinawanyima usingizi, kisha nanyamaza.

Mzee mmoja alinijibu neno moja: mafuta. Huku nyumba nyingi hupashwa joto kwa mafuta, na tangi likiisha Februari ni hatari kweli. Hakujua kwamba kipato chake kinamruhusu kuomba msaada wa serikali. Nilirudi siku ya tatu na fomu, tukaijaza pamoja mezani kwake, kama ninavyowajazia wenzetu fomu zao kila siku. Mchango wake wa dola tano alinipa mwenyewe, sikumwomba.

Niliyetembea naye zaidi ni kijana wa Uvira, mashariki mwa Kongo, ambaye kesi yake ya hifadhi bado inasubiri. Nilimwambia apumzike, baridi ni kali. Akanijibu, "Baba, mimi sina kura, lakini miguu ninayo." Yeye ndiye aliyekuwa akiandika kwenye daftari kila mlango: nani yupo, nani turudi kwake, nani tayari ana mgombea wake. Hao wa mwisho hatukuwaacha. Katika mchujo wa Maine mpiga kura huwapanga wagombea kwa namba, kwa hiyo nilikuwa nikisema: kama mimi si wa kwanza kwako, naomba niwe wa pili.

Safari hii michango ilipita 60 bila wasiwasi, na mfuko ukatugharimia. Usiku wa mchujo tulikuwa wa pili. Aliyekuwa wa tatu akaondolewa, kura zake zikahesabiwa upya kwa chaguo la pili, nyingi zikaja kwetu. Tulipungukiwa kura 38.

Asubuhi yule mzee wa mafuta alinipigia simu. Hakunipa pole. Alitaka kujua ni milango gani ya mtaa wake ambayo hatukuifikia. Kijana wa Uvira alifungua daftari akamsomea namba za nyumba moja moja, naye mzee akaziandika. Fomu za kugombea hutoka Januari.