Kuficha kiungo si kufunga video

Ukishapachika video kwenye tovuti, una maswali matatu ya kujibu: nani aione, tovuti zipi ziruhusiwe kuionyesha, na mtazamaji aweze kuisambaza kwa njia gani. Kila swali lina kufuli lake. Watu wengi hufunga moja, wakaamini wamefunga yote matatu, na ndiyo maana somo la kulipia au mkutano wa ndani huishia kuzagaa kwenye makundi ya WhatsApp.

Tuanze na YouTube. Video inaweza kuwa ya hadharani, isiyoorodheshwa, au ya faragha. Isiyoorodheshwa haionekani kwenye utafutaji wala kwenye ukurasa wa chaneli, lakini yeyote mwenye kiungo ataitazama, ataituma kwa mwingine na ataipachika kwake. Mtu akiiweka kwenye orodha ya kucheza iliyo wazi, wageni wa orodha hiyo nao wataikuta. Haina ulinzi wowote zaidi ya ugumu wa kubahatisha kiungo. Mwaka 2021 YouTube yenyewe iligeuza kuwa za faragha video zisizoorodheshwa zilizopakiwa kabla ya 2017, isipokuwa kama mwenyewe aliomba zibaki, kwa sababu ilikuwa imebadilisha namna ya kutengeneza viungo ili visibahatishwe kirahisi.

Video ya faragha imefungwa kweli: unaalika watu kwa anwani zao za barua pepe, wasiozidi 50, na kila mmoja lazima aingie kwa akaunti ya Google. Ila haifai kupachikwa. Wageni wa tovuti yako watakutana na tangazo tu kwamba video ni ya faragha. Upo pia mpangilio wa kuruhusu au kukataza upachikaji, ndani ya YouTube Studio, kwenye maelezo ya video, chini kabisa baada ya kufungua sehemu ya mipangilio zaidi. Kwa chaneli ya kawaida mpangilio huo huruhusu kila mahali au hauruhusu popote: huwezi kusema tovuti hii ndiyo, ile hapana. Na ukiukataza, tovuti yako nayo inakatazwa.

Kitufe cha kushiriki ndani ya pleya ya YouTube nacho hakina njia rasmi ya kukiondoa peke yake. Ukiongeza rel=0 mwishoni mwa anwani, video zinazopendekezwa zitatoka chaneli ile ile, si zaidi ya hapo; tangu 2018 hazizimiki kabisa. Wapo wanaofunika pleya kwa tabaka lisiloonekana ili mtu asibofye kitufe. Msifanye hivyo. Masharti ya YouTube yanakataza kuweka kitu mbele ya pleya, na isitoshe anwani ya video inasomeka kwenye msimbo wa ukurasa.

Ukitaka video ichezwe kwenye tovuti yako tu, hamia huduma yenye kizuizi cha domeini, kama Vimeo kwenye vifurushi vyake vya kulipia. Unaandika domeini bila https mbele wala mkwaju nyuma, kisha unakataza kwingine kote. Humo humo unaweza kuondoa kitufe cha kushiriki na kuificha video isionekane kwenye tovuti ya Vimeo yenyewe. Hili la mwisho husahaulika sana, kisha mtu anashangaa video iliyofungwa kwa domeini bado inatazamwa kule.

Hapa ndipo malalamiko mengi hutokea: umeandika domeini sahihi, na pleya bado inakataa. Sababu kwa kawaida ni Referer, yaani taarifa ambayo kivinjari hutuma ikieleza ombi limetoka ukurasa gani. Huduma ya video huilinganisha taarifa hiyo na orodha yako. Tovuti ikiwa na sera ya no-referrer, ambayo baadhi ya programu-jalizi za usalama huiweka kimyakimya, kivinjari hakisemi kitu na huduma inafunga mlango. Dawa ni kuongeza hiki ndani ya iframe ya video, yaani ile tagi ya HTML inayoipachika kwenye ukurasa:

referrerpolicy="strict-origin-when-cross-origin"

Hutuma jina la tovuti tu, bila anwani kamili ya ukurasa, na inashinda sera ya ukurasa mzima kwa ombi hilo moja. Kwa sababu hiyo hiyo, usijaribu video kwa kufungua faili la HTML lililo kwenye kompyuta yako: faili la hivyo halitumi Referer, na utapata jibu la kukataliwa lisilo na maana. Kagua pia kama tovuti yako hufunguka ikiwa na www na bila www, uandike zote mbili.

Ukiendesha pleya kwenye seva yako, kizuizi cha aina hii unakiweka kwa Content-Security-Policy (maelekezo ya usalama ambayo seva hukipa kivinjari), kipengele cha frame-ancestors, ukitaja tovuti zinazoruhusiwa. Kinatumwa na seva kama hedi, yaani taarifa inayotangulia ukurasa wenyewe. Ukikiandika kwenye tagi ya meta, vivinjari vitakipuuza. Njia ya zamani, X-Frame-Options yenye ALLOW-FROM, imeshapitwa, vivinjari vya leo haviifuati. Na kumbuka frame-ancestors hulinda ukurasa wa pleya, si faili la video. Mtu akiijua anwani ya faili la mp4, ataichukua moja kwa moja.

Faili lenyewe hulindwa kwa viungo vilivyosainiwa. Mtazamaji akishaingia kwa akaunti yake, seva inatengeneza kiungo chenye muda wa mwisho na saini, na mtandao wa usambazaji (CDN, seva zinazowafikishia watazamaji video) hukagua vyote viwili kabla ya kutoa chochote. Wazo ni rahisi, lakini utekelezaji una mitego. Video ya HLS, mfumo wa kutiririsha video kwa vipande, haiko kwenye faili moja: ni orodha ya m3u8 na vipande vingi. Video ya dakika 40 yenye vipande vya sekunde 6 ina vipande 400 kwa kila kiwango cha ubora. Ukisaini orodha peke yake, ama vipande vitabaki wazi kwa kila mtu, ama vitakataliwa vyote. Tumia tokeni (ile saini pamoja na muda wake wa mwisho) inayofunika folda nzima, au vidakuzi vilivyosainiwa, yaani taarifa ndogo ambazo kivinjari hutunza na kuzituma kwa seva kwa kila ombi.

Muda nao upime vizuri. Tokeni ya dakika 5 kwenye video ya dakika 40 itacheza mwanzo bila shida, kisha itakwama kwa kosa la 403 (ruhusa imekataliwa) pale pleya itakapoomba kipande kinachofuata. Weka urefu wa video, ongeza nafasi ya mtu kusitisha na kurudi. Kwa video ya dakika 40, saa 2 au 3 ni kiasi cha haki. Usifunge tokeni kwa anwani ya IP bila sababu nzito, maana simu ikitoka Wi-Fi kwenda data ya mtandao anwani hubadilika na mtazamaji halali anatolewa nje. Na kama tovuti ina kashe ya kurasa (nakala zinazotunzwa ili zifunguke haraka), itahifadhi ukurasa pamoja na tokeni yake: wa kwanza ataona, watakaofuata watapewa tokeni iliyokwisha muda. Ondoa ukurasa huo kwenye kashe, au tokeni iombwe na pleya baada ya ukurasa kufunguka.

Vidakuzi vilivyosainiwa vina tatizo lao: Safari huzuia vidakuzi vya domeini ya watu wengine tangu 2020. Kama tovuti iko kwenye domeini moja na video kwenye nyingine kabisa, watumiaji wa iPhone hawataona kitu huku wewe kwenye Chrome ukiona kila kitu kiko sawa. Weka video kwenye domeini ndogo ya tovuti yako.

Kabla ya kutangaza, fungua ukurasa kwenye dirisha fiche bila kuingia akaunti. Kisha pachika video hiyo kwenye tovuti nyingine unayoimiliki, inapaswa kukataa. Fungua na mlisho wa RSS, yaani faili linalotangaza makala mpya za tovuti: makala iliyofungwa kwa wanachama inaweza kutoka humo nzima, iframe ikiwemo. Tafuta vilevile tagi ya og:video kwenye msimbo wa ukurasa, kwa kuwa hiyo huwapa mitandao ya kijamii anwani ya video hata kama pleya umeifunga.

Hakuna kati ya haya kinachozuia mtu kurekodi skrini. DRM, yaani teknolojia ya kusimba video ili ichezwe kwenye vifaa vilivyoidhinishwa tu, kama Widevine na FairPlay, hupunguza, lakini simu ya pili ikielekezwa kwenye kioo inarekodi kama kawaida. Kwa video nyeti, alama yenye barua pepe ya mtazamaji ikielea juu ya picha husaidia zaidi, kwa sababu nakala ikivuja utajua imetoka kwa nani.

Na kiungo cha YouTube kisichoorodheshwa kikishavuja, kubadilisha jina la video hakusaidii, wala kuifanya ya faragha kwa siku chache kisha kuirudisha: kiungo ni kile kile. Ipakie upya upate kiungo kingine, badilisha iframe kwenye tovuti, ndipo uifute ya zamani.