Mkataba wa 2016 na penseli ya mhariri

Usiku huu nimeutandaza mezani mkataba wa kitabu changu cha kwanza, pembeni ya mswada mpya. Mwaka 2016 niliusaini nimesimama, kwa kalamu ya kuazima, furaha imenijaa hadi sikuona kilichoandikwa. Kifungu cha nne kinampa mchapishaji haki zote kwa muda wote wa hakimiliki: maisha yangu yote, na miaka 50 baada ya kufa kwangu. Kitabu kiliisha madukani 2020 na hakijachapwa tena. Walimu wananipigia simu wanakitafuta, na siruhusiwi kuwatolea hata nakala moja. Hilo linaniuma kuliko udogo wa mrabaha, lile fungu langu la mauzo.

Ndiyo maana hizi hadithi kumi na moja za mswada mpya nafikiria kuzitoa mwenyewe.

Jumanne nilikwenda kwa mpiga chapa Kariakoo. Wengi wetu tunachanganya kuchapa na kuchapisha, na mwandishi akichanganya hayo mawili atalia. Mashine inachapa. Kuchapisha ni yale mengine yote: kuhariri, kupanga kurasa, jalada, kufuata ISBN, namba ya utambulisho wa kitabu, Maktaba Kuu, kusambaza, kudai madeni madukani. Nakala 500 za kurasa 160 aliniambia shilingi 5,500 kila moja, yaani 2,750,000 kabla mashine haijawashwa. Nikiuza kwa 15,000, duka likachukua asilimia 40, nabaki na 9,000. Ziuzike nakala 306 ndipo fedha yangu irudi. Kwa mchapishaji ningepata asilimia 10, yaani 1,500 kwa kila kitabu, bila kutoa senti.

Kijana wa pale akanipa kitabu cha mfano. Nilikifungua katikati, nikakilaza mgongo, gundi ikaalika na karatasi mbili zikabaki mkononi mwangu. Nikauliza kama wanashona kurasa kwa uzi. Wanashona, ila bei ni nyingine.

Njia yenyewe si ngeni. Mwandishi Ben Mtobwa alikuwa na kampuni yake ya uchapishaji, Heko, na riwaya zake zikasomwa nchi nzima. Fedha naweza kuikusanya kidogo kidogo. Kinachonirudisha nyuma ni penseli.

Yule mhariri aliyepewa mswada wangu wa kwanza aliandika pembeni ya ukurasa wa 43, kwa herufi ndogo zilizolala: "Huyu mtoto amekula lini?" Nikarudi nyuma kuhesabu. Mhusika wangu alikuwa ametembea siku tatu bila hata kikombe cha uji, nami mama yake sikuona. Niliandika upya sura nzima kwa ajili ya swali lile, na ndiyo sura wanayonitajia wasomaji hadi leo. Nikijichapisha, nani ataniuliza?

Jana nilimpigia. Amestaafu, anaishi Kibaha, anafuga kuku.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba, binti yangu. Umeandika tena?"

Nikamweleza yote, pamoja na kifungu cha nne. Nikamwambia safari hii nitamlipa mimi, si kampuni. Alinyamaza, nikasikia jogoo.

"Uje nao kwenye karatasi. Mambo ya simu siyawezi. Na uache nafasi pana kati ya mistari."

Kesho nanunua rimu moja. Nakala za Kariakoo zitangoja. Nitaanza kuweka akiba ya kushona.