Wavaa lenzi wenzangu, kuna hii aleji ya macho
Jamani mnaovaa lenzi za macho hapa Moshi naomba mnisikilize, kiangazi hiki jicho likiwasha kila mtu anakwambia ni vumbi tu la mtaa wetu wa Pasua, kumbe lenzi nayo ikikaa jichoni inajikusanyia protini za machozi na uchafu, mwili unaanza kuukataa, hiyo ndo aleji yenyewe. Mimi kilichonishtua ni kwamba muwasho ulikuwa unazidi nikishazivua, asubuhi naamka na ute mweupe unavutika pembeni ya jicho, na lenzi kila nikipepesa inapanda juu. Daktari akapindua kope ya juu, akapiga picha kwa simu akanionyesha, vipele vidogo vidogo vimejaa kwa ndani kama ulimi wa paka yaani. Kasema nivae miwani kwanza mpaka vitulie, nikirudia nitumie zile za kuvaa siku moja na kutupa. Na maji ya kuoshea lenzi nayo yaangaliwe maana wengine wanadhurika na kemikali zilizomo. Msifikiche macho jamani, na dawa za matone zenye steroidi (zile kali za kutuliza uvimbe na muwasho) msijitilie bila kupimwa, zinaweza kupandisha presha ya jicho.