Sitini na Tano kwa Mia

Novemba 2018, mvua za vuli zimeshika, nilikuwa kwa shangazi Kibokoni, Mombasa, daftari mapajani, napiga hesabu ya bahati yangu. Nilikuwa nimechagua vyuo 10 vya Marekani vinavyotoa udaktari wa uchumi. Vingi vilifunga maombi katikati ya Desemba. Ada ilikuwa dola 100 hivi kwa chuo, na dola yenyewe ilikuwa ikicheza kwenye shilingi 100, kwa hivyo nilihitaji karibu laki moja. Dola 205 za GRE, mtihani wa kuombea vyuo hivyo, zilikuwa zishakwenda. Upande wa hesabu nilipata 164 kati ya 170. Si vibaya, ila kwenye uchumi unagombania nafasi na watu waliosomea hesabu hasa, na alama hiyo haimshtui mtu.

Kila chuo nilikipa asilimia 10. Usiniulize niliitoa wapi. Niliiona tu ni namba yenye adabu. Basi nafasi ya kukataliwa na chuo kimoja ni 0.9, na ya kukataliwa na vyote ni 0.9 ikizidishwa yenyewe mara kumi, ambayo ni kama 0.35. Iliyobaki, 65 kwa mia, ndiyo nafasi ya kupata angalau kimoja. Nikaipigia mistari miwili. Ukikubaliwa kule, mara nyingi husamehewa karo na hulipwa posho kwa miaka mitano hivi. Laki moja kwa bahati kama hiyo!

Shangazi alikuwa akikanda unga wa mahamri ya asubuhi. Nikamweleza yote, na ile 65 nikaitamka mara mbili.

"Hebu nambia," akasema, "hizo barua za walimu, kila chuo chataka zake?"

"La, shangazi. Ni zile zile tatu, zinakwenda kote."

"Na matokeo ya chuo?"

"Yale yale."

"Na mtihani ni huo mmoja."

"Ni huo."

Akaugeuza unga. "Wanikumbusha siku ile hamira ilipokuwa imekufa. Nikakaanga hamri la kwanza, likatoka kama kandambili. Nikasema labda la pili. Mwanangu, nilikaanga mpaka la kumi."

Akacheka sana. Mimi nikarudi kwenye daftari, na mate yakanikauka. Hesabu yangu ilichukulia kwamba kila chuo kinarusha sarafu yake peke yake, hakina habari na mwenzake. Lakini kamati zote 10 zingesoma faili moja. Kasoro itakayoonekana na ya kwanza itaonekana na ya pili, na ya tisa. Kuzidisha vile kunafaa kwa mambo yasiyohusiana. Nilifundishwa hayo mwaka wa pili, na somo lile nilipata A.

Sasa hamira yangu ilikuwa wapi? Idara ya uchumi kama ya chuo cha MIT huingiza wanafunzi ishirini na kitu kwa mwaka kutoka maombi ya mamia, na wengi wa hao mamia alama wanazo. Kinachowatenganisha ni hesabu za kuthibitisha hatua kwa hatua, ambazo mimi nilizionja tu, na zaidi ya hapo ni barua. Wanataka mwalimu aliyefanya utafiti nawe, anayeweza kusema huyu anampita fulani niliyewaletea mwaka juzi. Mmoja wangu alikuwa hivyo. Nilimsafishia data miezi minne. Wa pili, tuseme nusu. Wa tatu alinifundisha katika ukumbi wa watu 300, na nilimweka orodhani kwa sababu ya cheo chake.

Usiku ule nikafuta vyuo 7. Vitatu nikaviacha, moyo haukukubali kufuta vyote.

Asubuhi, mahamri yashaliwa, nikatembea hadi Mama Ngina, nikakaa chini ya mbuyu nikiangalia feri za Likoni, nikampigia yule mwalimu wa tatu. Nikajitambulisha: jina, mwaka, somo. Akanyamaza kidogo.

"Aah," akasema, "wewe ndiye uliyekuwa ukikaa kule nyuma, upande wa dirishani?"

Nikamwambia ndiye mimi, mwalimu. Mwaka mzima nilikaa safu ya mbele.