Msimu wa Sare na Siku 84

Jumatano

Binti wa ovaloki, ile mashine ya kufunga kingo za kitambaa, hapa kwenye chumba changu cha kushonea sare, ameniambia ana ujauzito. Alisubiri wenzake watoke kwenda kwa mama ntilie, akazima mashine, akasema, "Dada, mwanzoni mwa Januari najifungua. Nimeona nikwambie mapema." Nimempongeza, nimemuuliza kama ameanza kliniki, mume amelipokeaje. Yote nilikuwa nayasema kweli. Ila chini kwa chini kichwa kilishaanza hesabu zake. Januari!

Kwa asiyeijua biashara ya sare za shule, mwaka wetu ni zile wiki chache tu. Shule zinafunguliwa Januari, na wazazi wanaanza kumiminika katikati ya Desemba wakiwa na watoto waliorefuka ghafla. Serikali ilifuta ada mpaka kidato cha nne kwenye shule zake mwaka 2016, lakini sare ilibaki mfukoni mwa mzazi, na mzazi wa hapa Tandika, Dar es Salaam, hainunui mpaka dakika ya mwisho. Kinachopatikana hapo ndicho kinacholipa kodi ya chumba miezi inayofuata. Na kila shati, kila sketi ya marinda, lazima ipite ovaloki, la sivyo kitambaa cha tetroni kinafumuka pembeni kikishafuliwa mara mbili tatu. Mashine yenyewe tunayo moja, na anayeijua vizuri ni mmoja.

Usiku nimekaa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, ile ya 2004, nikasoma kifungu cha uzazi neno kwa neno. Likizo ya siku 84 kwa malipo, 100 akijaliwa mapacha. Anatakiwa kumpa mwajiri taarifa miezi mitatu kabla, na huyu amefanya hivyo bila hata kuijua sheria. Anaweza kuanza likizo wiki nne kabla ya tarehe ya kujifungua. Akirudi, ana haki ya hadi saa mbili kwa siku za kumnyonyesha mtoto. Hakuna mahali paliposema isipokuwa wenye vyumba vya cherehani.

Najua wengi kwenye kazi yetu wanavyolimaliza jambo hili. "Nenda kapumzike mwanangu, ukiwa tayari utarudi." Maneno ya mama kabisa. Hela hakuna, na akirudi anamkuta mwingine kwenye kiti chake. Naona ni ukatili uliovalishwa upole, na siutaki chumbani kwangu. Kutoutaka ni rahisi, lakini. Hela ya kulipa kazi ambayo haishonwi itatoka wapi?

Alhamisi

Nimeamka na jibu nusu, na hilo nusu linamhusu fundi mkubwa.

Huyu mzee alinifundisha kuweka zipu nikiwa msichana. Leo analipwa na mimi. Asubuhi namwamkia shikamoo, ananiitikia marahaba mwanangu. Saa nne namwambia kola imekaa upande, afumue. Mbele ya wateja ananiita bosi. Nikimuudhi ananiita mama mkurugenzi, tena kwa sauti, ili kijana wa vifungo acheke. Watu wanaofundisha ujasiriamali kwenye semina huwa wanazungumzia uongozi kama vile wote unaowaongoza ni wadogo zako. Waje wajaribu kumkosoa mtu aliyekushika mkono ukijifunza kunyoosha mshono. Mimi nimezoea kumwita pembeni, nje, karibu na pasi ya mkaa, na kosa nalitaja mara moja tu. Ndani ya chumba sitamki kitu. Anajua nikimwita nje ni nini, na nadhani anaheshimu kwamba natoka naye.

Mkasi mpaka leo nimeushika mimi. Ukikosea kushona unafumua, ila kwenye meza ya kukatia hakuna kufumua. Unapanga matabaka kwa matabaka ya kitambaa, unachora kwa chaki, na ukiteleza kidogo umeharibu nusu jora. Ndiyo maana sijawahi kumwachia mtu. Lakini mkasi ukiwa mkononi mwangu, mimi siwezi kuwa Kariakoo nikitafuta bei, wala siwezi kwenda kukaa kwenye benchi la shule inayonidai uvumilivu tangu mwanzo wa mwaka. Shule binafsi, sare walizichukua zote, watoto wanazivaa, hela hawajalipa, na mhasibu kila nikienda ananiambia mkurugenzi amesafiri.

Watu husema mwenye biashara ajifunze kugawa muda wake sawasawa. Mimi sioni usawa wowote. Kila siku kuna kitu kimoja kitakachoumia: kukata, kudai, au watu. Kazi yangu ni kuchagua kipi kiumie leo, na kuwaambia waziwazi, wasije wakadhani nimesahau.

Basi mchana nimemwita mzee nje. Safari hii alitoka uso ameukunja, akijua kuna kola. Nikamwambia kuanzia wiki ijayo meza ya kukatia ni yake. Akanyamaza. Akauliza, "Na bei yake?" Swali la haki. Tumekubaliana apate posho ya kila jora juu ya pisi zake, yaani malipo ya kila nguo anayoshona, kwa sababu akisimama mezani atashona kidogo. Marinda yatapungua kasi, hilo nimelikubali. Nani mwingine ana mkono wake kwenye marinda? Hakuna. Hicho ndicho kitakachoumia.

Ijumaa

Shuleni tena. Mhasibu alikuwepo, mkurugenzi amesafiri. Nimewaachia barua: deni lote kabla ya Desemba, na oda ya msimu ujao sitaigusa bila nusu ya malipo kwanza. Wakienda kwa mwingine, waende. Hela ya nusu ya kwanza, kutoka kwa yeyote atakayeweka oda, naitenga kwenye laini nyingine ya simu nisiyotembea nayo. Hiyo ndiyo mishahara ya uzazi.

Jumamosi

Baada ya kulipa wiki nikawaomba wasiondoke. Binti alikuwa ameniruhusu kusema. Nikawaeleza: atapumzika siku 84, atalipwa, kiti chake kitamsubiri. Mwezi huu wote atamfundisha kijana wa vifungo ovaloki, wakati hakuna haraka.

Mmoja akauliza kile nilichokuwa nakiogopa. "Dada, sisi tunalipwa kwa pisi. Asiyeshona analipwa pisi zipi?" Nikamwambia nimechukua wastani wa malipo yake ya miezi iliyopita. Akasema, kwa hiyo anayeshona nyingi likizo yake ni nono. Nikasema ndiyo. Hakuridhika, na sikumlazimisha aridhike. Akaongeza kwamba mwezi wa Desemba tunakesha, mtu mmoja hayupo, wengine tunambeba. Na hilo ni kweli. Nimeahidi kwamba msimu huu hakuna kukesha bila malipo ya ziada, na oda zikizidi uwezo nitazikataa mimi mwenyewe mlangoni, sitawaachia wao wazimalize usiku.

Mama wa vifungo vya mkono, ambaye huwa hasemi, akasema kule alikokuwa zamani alijifungua Machi, akarudi Juni, akamkuta mtoto wa dada wa tajiri amekaa kwenye cherehani yake. "Nikaambiwa ningoje nafasi." Hakueleza zaidi. Aliyekuwa anabisha akaangalia chini, ila sidhani kama amebadili mawazo, na ana haki ya kutoyabadili.

Mzee wa mkasi alichangia kwa kuuliza kama kitambaa cha wiki ijayo kimeshapimwa.

Tulipokuwa tunafunga, kijana wa vifungo akanifuata. Kumbe na mke wake anajifungua Februari. "Na sisi wanaume, dada?" Nikamwambia sheria inampa siku tatu za malipo, azitumie ndani ya siku saba tangu mtoto azaliwe. Akahesabu vidole, akacheka, akasema tatu si ndiyo zile za kutafuta supu na nepi tu. Kisha akauliza, kwa kuwa sasa atakuwa na ovaloki, akiwa hayupo hizo siku tatu, nani atakaa pale?

Nimemwambia binti aanze kunifundisha na mimi Jumatatu.