Karanga na nusu ya Chakubanga

Karanga zilikwisha kabla basi halijafika Chalinze. Nikakikunjua kile kikaratasi nilambe chumvi iliyobaki kwenye kona, na humo ndani nikamkuta Chakubanga, yule mhusika wa vibonzo vya gazetini. Hakuwa mzima. Mkasi wa muuza karanga ulikuwa umempitia kifuani, kichwa kikabaki kwangu, miguu ikaenda na karanga za abiria mwingine. Juu yake zilikuwa zimesalia herufi CHAKUBA.

Ilikuwa 1996. Nilikuwa na miaka 21, kibarua katika kiwanda kidogo cha uchapaji Dar es Salaam, upande wa kujalidi vitabu, nikirudi Morogoro kumwona mama. Niliinuka mle mle ndani ya basi nikaanza kuuliza kiti kwa kiti: samahani mama, samahani kaka, ile karatasi ya karanga umeshaitupa? Wawili walinipa zao. Moja ilikuwa na matangazo ya vifo, nyingine matokeo ya mpira. Miguu ya Chakubanga sikuipata, na ile nusu ninayo hadi leo, pamoja na doa lake la mafuta. Ndiyo karatasi ya kwanza niliyoitunza kwa kukusudia.

Kwa ambao hawakumkuta: Chakubanga alichorwa na Christian Gregory katika gazeti la Uhuru, kuanzia mwishoni mwa miaka ya sitini. Uhuru lilikuwa gazeti la chama, kwanza TANU, baadaye CCM, na kurasa zake za mbele zilikuwa za hotuba na ziara. Baba yangu alikuwa mwanachama mwaminifu, hotuba alizisoma zote, lakini hakuanza nazo. Alilifungua gazeti kwa kidole gumba moja kwa moja hadi kwenye kibonzo, akatazama, akatabasamu upande mmoja wa mdomo, ndipo akarudi mwanzo.

Sani, lile jarida la vibonzo, nayo ilikuja kwetu kwa treni. Baba alikuwa fundi wa reli, na alipotoka zamu ya Dar aliileta ameikunja ndani ya koti. Tulikuwa watoto sita Mji Mpya pale, Morogoro, mimi wa tano. Alisoma baba, wakafuata kaka wakubwa kwa umri, na hadi inifikie mimi jalada lilikuwa limeshang'oka, kona zimejikunja kama jani kavu la mgomba. Baada ya mdogo wetu wa mwisho, mtaa ulikuwa unasubiri. Kaka aliikodisha: shilingi moja usome umekaa kibarazani kwetu, shilingi mbili uondoke nayo na uirudishe kabla ya magharibi. Zanzibar walikuwa na televisheni tangu miaka ya sabini. Bara tulikaa bila televisheni hadi 1994. Tulikuwa na redio, na tulikuwa na Sani.

Jina lenyewe lilitokana na waanzilishi wawili, Saidi Bawji na Nico ye Mbajo: SA na NI. Ndani yake walikaa Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Kipepe, Pimbi, na yule mtoto mtundu Madenge. Majina hayo yalitoka kurasani yakaingia mitaani. Ndumilakuwili ni yule nyoka asemwaye kuwa ana kichwa huku na huku. Ukishaitwa hivyo kwenye mtaa wetu, hukopeshwi hata chumvi. Shuleni kwetu ukikamatwa na Sani ulichapwa viboko na Sani ikachukuliwa, na hilo la pili ndilo lililouma, kwa sababu jioni ulikuwa na kaka wa kumjibu. Walimu waliiita upuuzi. Sikuwaamini wakati ule, na sasa nina miaka zaidi ya hamsini bado siwaamini. Mimi kusoma haraka, kusoma kwa hamu ya kujua kisanduku kinachofuata kina nini, sikukupata darasani.

Mtu ninayetaka kumwandika leo hasa ni Philip Ndunguru. Alikuwa miongoni mwa wachoraji walioipa Sani ya miaka ya themanini sura yake. Alizaliwa 1962, akafariki 1986. Miaka ishirini na minne. Katika umri huo mimi nilikuwa bado nafundishwa kukata karatasi pembe zikae sawa.

Nikiwa mtoto sikujua kwamba kuna kifo kilipita hapo. Sani iliendelea kuja na treni. Wahusika walivaa vilevile, walitembea mitaa ileile, wakaendelea kugombana. Nilikuja kugundua 2003, nikiwa na sindano na uzi mkononi. Nilikuwa nimekusanya nakala kumi na moja, nikaamua kuzishona pamoja ziwe juzuu moja. Kazi ya kushona inakulazimisha kufungua kila nakala katikati, moja juu ya nyingine, na macho yanatembea juu ya kurasa bila kusoma. Nikiwa bila kusoma hivyo, nikaona kwamba aliyechora hapa na aliyechora pale si mtu mmoja. Shati lilelile, kofia ileile, lakini aliye ndani ya shati si yule.

Niliweka sindano chini. Juzuu ile sijaimaliza mpaka sasa.

Tangu siku hiyo nimejifunza kutazama namna nyingine. Uso haukusaidii. Uso mrithi ataujifunza vizuri, maana ndio msomaji anaomtambulia mhusika, na asipoupatia atalalamikiwa. Tazama vidole. Tazama viatu, na kile kilichosimama nyuma: ukuta wa duka, mbwa, mwanamke anayepita na ndoo ambaye hadithi haimhitaji kabisa. Huko ndiko mchoraji anakosahau kuiga na kuanza kuchora kama mwenyewe. Tazama pia herufi ndani ya viputo vya maneno. Kila mtu ana M yake, na mtu akiandika viputo hamsini kwa usiku mmoja ili awahi mtambo, hawezi kuificha.

Hapa kazi yangu ya uchapaji imenisaidia, na pia imenitia adabu. Karatasi ya gazeti ni laini na inakunywa wino. Mstari uliochorwa kwa nibu nyembamba unaweza kutoka mtamboni umenenepa mara mbili, kama siku hiyo wino ulikuwa mwepesi au fundi aliuzidisha. Kwa hiyo nakala moja haitoshi kumhukumu mchoraji. Nikipata nakala mbili za toleo lilelile, nyingine ikiwa imechapwa mapema kabla bamba la kuchapia halijachakaa, naziweka pamoja dirishani asubuhi na kulinganisha. Mara mbili nimekuta kwamba unene niliodhani ni mkono wa mtu mzito ulikuwa wino tu.

Kwa sababu hiyo niliacha kupanga mkusanyiko wangu kwa namba za matoleo. Napanga kwa mikono ya wachoraji. Kuna fungu la kurasa ninazoamini ni za Ndunguru, kuna fungu la wengine, na kuna la tatu la kurasa ambazo bado nazitazama. Hilo la tatu ndilo nene kuliko yote, na silionei haya.

Tarehe nayo ni shida, maana nakala nyingi zimenifikia bila jalada. Natumia bei, kama ilichapwa ndani. Shilingi ilishushwa thamani sana 1986, na bei za kila kitu cha karatasi zikapanda nayo. Natumia matangazo, na vitu vilivyochorwa: foleni ya sukari mbele ya duka inanipeleka upande mmoja wa muongo, duka lililojaa bidhaa za nje linanipeleka upande wa pili, wakati wa ruksa ya Mzee Mwinyi, rais wetu wa wakati ule. Nina kisanduku kimoja ambacho nyuma ya watu wanaobishana kuna rafu tupu kabisa ya duka, imechorwa mbao kwa mbao, kwa uangalifu, kana kwamba utupu huo nao ulikuwa bidhaa. Nimekitazama kisanduku hicho kuliko picha yoyote ya mtu wa nyumbani kwangu.

Kuhusu utunzaji nitasema kile tu kilichonigharimu. Usitumie selotepu. Mwaka 1998 nilibandika ukurasa uliochanika kwa selotepu, nikajiona fundi. Baada ya miaka sita plastiki ilibanduka yenyewe, ikaacha mkanda wa rangi ya chai ukipita juu ya kichwa cha Madenge, na doa hilo halitoki. Siku hizi natumia gundi ya unga wa ngano niliyoipika mwenyewe na vipande vya karatasi nyembamba. Pini ng'oa. Hewa ya Dar ina chumvi, pini inashika kutu, na kutu inakula karatasi kwa duara. Na mwanga ni adui. Karatasi ya gazeti imetengenezwa kwa mbao iliyosagwa, ikikaa juani inageuka njano, kisha kahawia, kisha inavunjika ukiigusa. Mimi naziweka zimelala, katika sanduku la bati, na majani makavu ya mwarobaini kwenye kitambaa. Nazikagua kila mwezi, masika kila wiki.

Rafiki yangu mmoja wa Mombasa hunitumia vipande vya Juha Kalulu, kibonzo cha Edward Gitau kilichokaa miaka na miaka katika Taifa Leo la Kenya. Nami humtumia nakala za Sani nilizonazo mbili mbili. Jina hilo linanifurahisha kila nikiliona. Kalulu ni sungura katika lugha kadhaa za Kibantu kusini mwetu, na sungura kwetu ndiye mwerevu wa kila hadithi. Na hapa jina la mwerevu huyo limetanguliwa na juha. Sasa Gado, Godfrey Mwampembwa, huyo watu wote wanamjua: kijana wa Dar aliyeacha masomo ya usanifu majengo 1992 akaenda kuchora katika gazeti la Nation, Nairobi. Vibonzo vyake vya siasa vimechapwa vitabuni na vinatafutwa. Nafurahi kwa ajili yake. Ila mtu anaponiambia ananunua za Gado na hataki Sani kwa sababu Sani ni vichekesho vya watoto, namwomba akae, namfungulia lile sanduku, namwonyesha ile rafu.

Julai mwaka jana niliambiwa kuna mama wa makamo ya bibi pale Kilosa, mjane wa mtu wa reli, ana sanduku. Nikapanda basi. Nilimkuta amekaa mkekani, anachambua mchele.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye wa magazeti?"

Akamwagiza mjukuu, sanduku likashushwa kutoka darini. Likawekwa kati yetu. Mafuriko ya mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010, yaliyong'oa hata reli, yaliingia nyumbani kwake usiku. Aliniambia alitoa vitu vitatu: watoto, cherehani, na sanduku lile. Nakala za chini zilikuwa zimegandana kama mkate wa tope. Za juu, kumi na tisa nilizihesabu, zilikuwa nzima, nyingine na majalada yake.

Nikamuuliza kwa nini aliokoa haya.

"Mimi nilisoma elimu ya watu wazima," akasema. "Darasani ilikuwa mbolea na pamba, mbolea na pamba. Herufi nilizijua, lakini kusoma kulikuwa kunanishinda. Marehemu alikuwa ananisomea haya, akifika penye kucheka ananyamaza, ananipa mwenyewe. Ukitaka kujua wamesema nini, soma. Basi nikasoma."

Nilikuwa nimeweka pesa mfuko wa shati. Sikuzitoa. Alinitangulia: "Sikuuzii. Ila nimeambiwa wewe unashona. Nishonee, uniletee."

Nilikaa nazo miezi mitano. Nilizisafisha kwa brashi laini, nikang'oa pini hamsini na saba, nikaziba matundu. Humo nilikuta kurasa tatu ambazo, nikiziweka kando ya fungu langu la kwanza, sina shaka nazo: vidole vilevile, M ileile, na nyuma ya ukuta mwanamke anayepita na ndoo. Nilizipiga picha. Kisha nikashona zote kumi na tisa kwa uzi wa kitani, bila gundi mgongoni, ili juzuu likifunguliwa lilale wazi lenyewe, kwa sababu mama yule mkono mmoja hauna nguvu tena.

Desemba nilimpelekea. Alilipokea kwa mikono miwili, akalilaza mkekani, likalala wazi kama nilivyotaka. Akavaa miwani. Akaweka kidole chini ya kiputo cha kwanza akaanza kusoma kwa sauti, polepole, na mjukuu akasogea. Ukurasa wa Kipepe aliusoma mara mbili. Alipofika kisanduku cha mwisho alinyamaza, akamgeuzia mtoto kitabu.