Akamtenga na Mkutano

Bwana asifiwe, wapendwa. Wiki hii andiko moja limekataa kuniachia: Marko 7, yule kiziwi aliyeletwa kwa Yesu. "Akamtenga na mkutano faraghani, akatia vidole vyake masikioni mwake." Nimelisoma tangu utotoni, na kila mara nilikimbilia "Efatha", yaani "Funguka". Sasa nimekwama kwenye "akamtenga".

Wengi mnajua nina vali ya bandia moyoni, kijilango cha kupitishia damu, na kila jioni nameza warfarini ili damu isigande. Jumamosi moja mwezi uliopita niliamka alfajiri hapa Manyatta, nyumba yote inazunguka. Nilishika mguu wa kitanda, nikatapika hadi nyongo. Sikio la kushoto lilikuwa limezima kabisa, ndani yake mvumo tu, kama jenereta ya jirani.

Mkutano ukafika. Mmoja alisema malaria. Mwingine alisema nta, akanitia mafuta ya vuguvugu sikioni. Mwingine akakemea pepo. Walikuja kwa upendo, nawashukuru. Lakini Jumamosi ilipita, Jumapili ikapita, na Jumatatu pia. Jumanne dada mmoja wa Nyalenda aliwaomba wote watoke nje, akaketi upande wangu wa kulia, akaniuliza taratibu nasikia nini. Kisha akaita tuktuk.

Daktari aligonga chuma chenye umbo la uma, akakisimamisha katikati ya paji la uso wangu. Mlio ukaja kulia peke yake. "Ingekuwa nta," akasema, "ungeusikia upande ulioziba." Kipimo cha MRI, kile cha kupiga picha ya ndani ya mwili, kikaonyesha damu imevuja katika sikio la ndani, kule kulikojiviringa kama konokono. Mirija mitatu inayotusaidia tusiyumbe imeungana na hapo hapo, ndiyo maana kusikia na kusimama viliniponyoka pamoja. Damu yangu ilikuwa nyepesi kupita kiasi. Wakarekebisha dozi ya warfarini, wakanipa steroidi, dawa za kutuliza uvimbe, wakanieleza kwamba steroidi hufaa zaidi zikianzwa siku za mwanzo.

Siku za mwanzo, wapendwa! Nasema haya kwa uchungu. Tuombe, tena tuombe sana, lakini tuombe tukiwa njiani kwenda hospitali. Mtu akipoteza usikivu ghafla, mpelekeni siku hiyo hiyo, wala msimtie chochote sikioni. Na wewe unayemeza dawa kama yangu, usikose kliniki ya kupima damu, wala usiiache dawa kwa woga, maana damu ikiganda kwenye vali ni hatari kubwa.

Yesu hakumpigia kiziwi kelele katikati ya watu. Alimtoa kwenye zogo, akamgusa palepale penye shida, na kabla ya kusema neno, "akaugua", yaani alishusha pumzi kwa uchungu. Ni nani kwenu amewahi kuugua kwa ajili ya mgonjwa kabla ya kumpa ushauri?

Kizunguzungu kimepungua, ingawa usiku bado natembea nikishika ukuta. Sikio halijafunguka, nami naomba kila siku. Jumapili spika zikivuma, maneno yote hunichanganyikia. Mkitaka kunisalimu, njooni upande wa kulia, tusogee kidogo pale chini ya mti.